Cheka, Kisha Rudi Ulipochekea: Mwongozo Kamili wa Kutumia Ucheshi na Tashtiti Kufikiri kwa Uhuru

Miaka kadhaa iliyopita, katika ofisi niliyokuwa nikifanya kazi, vikao vilikuwa vimetuzidi. Asubuhi tulikutana kupanga tutakachojadili mchana, na mchana tukajadili kwa nini asubuhi hatukumaliza. Siku moja nikaandika tangazo la mzaha na kulibandika ubaoni: "Wafanyakazi wote mnaarifiwa kuwa Alhamisi saa nne asubuhi kutakuwa na kikao cha maandalizi ya kikao cha kupunguza vikao. Watakaoshindwa kuhudhuria wafike Jumatano kwenye kikao cha udhuru."

Nilitegemea vicheko. Kabla ya saa sita watu watatu walikuwa wamenijia kuuliza chumba ni kipi, na mmoja wao alishika daftari na kalamu.

Wiki nzima nilikuwa nawacheka. Ilichukua muda zaidi kujiuliza swali lililokuwa limejificha chini ya kicheko changu: ikiwa mtu mwenye akili zake anaweza kusoma upuuzi ule na asishtuke, mimi nasoma upuuzi gani kila siku nisioushtukia?

Mwongozo huu umetokana na swali hilo. Husemwa sana kwamba ucheshi hufungua akili, kana kwamba kucheka kwenyewe kunatosha. Hakutoshi. Nawajua watu wanaocheka kutwa kucha na mawazo yao hayajasogea hata unywele. Kicheko hukuonyesha tu mahali ambapo kitu ulichokiamini bila kukitazama kimetikisika. Kazi inaanza ukirudi hapo.

Kabla ya kuanza: kicheko kinafanya nini kichwani

Mwanafalsafa Immanuel Kant aliandika mwaka 1790 kwamba kicheko huzuka pale tarajio lililokazwa linapogeuka ghafla kuwa si kitu. Maana yake ni kwamba ili uchekeshwe, lazima awali ulikuwa unatarajia jambo. Na matarajio yetu mengi tunayabeba bila kujua tunayo. Ni kama kushuka ngazi gizani ukidhani kimebaki kipandio kimoja, kumbe umeshafika sakafuni. Mguu unaogonga chini ndio unaokujulisha kwamba muda wote ulikuwa unahesabu.

Mwaka 2010 watafiti Peter McGraw na Caleb Warren waliongeza upande wa pili. Kwa maelezo yao, tunachekeshwa na kitu kinachovunja utaratibu tunaouona kuwa sahihi, ila kwa sharti kwamba papo hapo kionekane hakina madhara. Sharti hilo la pili ndilo linalotuhusu hapa. Mtu akiishambulia imani yako uso kwa uso, unaweka ngao. Imani ileile ikipita mbele yako imevaa kofia ya kuchekesha, unaiangalia kwa sekunde mbili kabla hujakumbuka kuilinda. Mwongozo wote huu unahusu namna ya kuzitumia sekunde hizo.

Kuna pia jaribio ninalolipenda kwa usahili wake. Mwaka 1987 Alice Isen na wenzake waliwapa watu mshumaa, boksi lililojaa misumari midogo, na kibiriti, wakawaambia waubandike mshumaa ukutani bila nta kudondoka chini. Jibu ni kuimwaga misumari, kulibandika boksi lenyewe ukutani na kusimamisha mshumaa juu yake. Wengi hukwama kwa sababu wanaliona boksi kama chombo cha kuwekea misumari, basi. Waliokuwa wametoka kutazama kipande cha filamu ya kuchekesha walilipata jibu mara nyingi kuliko waliotazama filamu isiyo na ucheshi. Jaribio hilo lilihusu furaha ya kawaida, si tashtiti, kwa hiyo tusilitwishe mzigo usio wake. Hata hivyo nikikwama kwenye jambo, hujiuliza boksi langu ni lipi.

Istilahi nazo tuziweke sawa, maana watu huzichanganya. Ucheshi ni chochote kinachochekesha. Kinaya ni kusema au kutenda kinyume cha kinachokusudiwa au kutarajiwa. Chuku ni kutia chumvi. Dhihaka ni kumdhalilisha mtu kwa kicheko. Tashtiti huweza kuvitumia vyote hivyo, lakini ina hoja: inacheka ili kuonyesha kwamba kuna jambo limekwenda kombo. Dhihaka yenye watazamaji wengi hubaki kuwa dhihaka.

Hatua ya 1: Weka daftari la vicheko kwa wiki mbili

Usiandike vichekesho. Andika mahali. Kila siku nasa mambo matatu: ulicheka nini hadi ukashangaa mwenyewe, mzaha gani ulikuudhi ilhali wenzako waliangua kicheko, na wapi kicheko kilikujia ukakimeza.

Hilo la tatu ndilo dhahabu. Kicheko kilichomezwa kina mlinzi mlangoni: adabu, hofu, uaminifu kwa kundi lako, heshima kwa mtu fulani. Huenda mlinzi yuko sahihi kabisa kukizuia. Ila ni vizuri umjue kwa jina.

Andika kwa ufupi, mstari mmoja au miwili, na umalizie kwa sentensi inayoanza na "Nilidhani kwamba…" Kwa mfano: "Mhadhiri aliposema hajui jibu, nilitaka kucheka. Nilidhani kwamba anayefundisha lazima ajue." Wiki ya kwanza sentensi hizo zitakuwa butu. Usizirekebishe.

Hatua ya 2: Chimba hadi ufike kwenye imani yenyewe

Chukua maingizo matatu yanayokuwasha zaidi. Kwa kila moja jiulize: mtu anatakiwa awe anaamini nini ili mzaha huu umchekeshe? Ukipata jibu, lirudishie swali hilohilo mara moja zaidi. Mara mbili zinatosha, ya tatu huwa falsafa ya kitandani.

Nitoe mfano wangu. Niliwahi kucheka sana nilipomsikia mwenzangu akisema, kwa sauti nzito kama ya mtu anayetangaza msiba, "Samahani, leo sina kazi nyingi." Kwa nini ilichekesha? Kwa sababu mtu haombi radhi kwa kukosa kazi nyingi. Lakini mbona niliielewa papo hapo, bila kufafanuliwa? Kwa sababu ndani yangu nilikuwa naamini kwamba aliyebanwa na shughuli ni mtu wa maana, na asiyebanwa ana jambo la kujieleza. Imani hiyo sikuwahi kufundishwa na mtu, wala sikuwahi kuichagua.

Iandike imani hiyo kama sentensi kavu. Kwenye daftari langu ilikuwa: "Mwenye shughuli nyingi ni mtu wa maana." Sasa una kitu cha kufanyia kazi.

Hatua ya 3: Ibebe hoja hadi mwisho wake

Zana za tashtiti ni nyingi, lakini kama ningeruhusiwa kubaki na moja, ningechukua hii: usibishane na imani hiyo, ikubali, kisha uifuate kwa uaminifu hadi inapokufikisha.

Wasomaji wa Kiswahili tumeijua zana hii tangu utotoni kupitia Abunuwasi. Anaazima sufuria kwa jirani, anairudisha ikiwa na kisufuria kidogo ndani, na kusema ile kubwa imezaa. Jirani anapokea zote mbili kwa furaha, bila swali. Abunuwasi anaazima tena, na safari hii hairudishi. Akiulizwa, anajibu kuwa sufuria imekufa. Jirani anapandwa na hasira: sufuria hufaje? Anajibiwa kwamba kinachozaa hufa. Angalia kilichofanyika. Abunuwasi hakumwita jirani yake mlafi. Aliuchukua ukweli ambao jirani aliukubali ulipomfaidi, akaupeleka mahali unapomgharimu.

Charles Philipon, mchapishaji wa magazeti ya katuni huko Paris, alifanya kitu cha aina hiyo mahakamani mwaka 1831. Alishtakiwa kwa kumchora mfalme Louis-Philippe kwa namna ya kumvunjia heshima. Katika utetezi wake alichora sura ya mfalme ikigeuka hatua kwa hatua kuwa pea, lile tunda, akauliza: ikiwa kufanana na mfalme ni kosa, basi katika michoro hii ni upi mnaoufunga, na mtalifanya nini tunda? Alihukumiwa kifungo hata hivyo. Lakini baada ya hapo pea ikawa ndiyo mfalme, kila mchoraji akaichora.

Na mwandishi Jonathan Swift, mwaka 1729, alichapisha pendekezo lililodai kuondoa umaskini wa Ireland kwa kuwauza watoto wa maskini wawe kitoweo cha matajiri. Kinachotisha katika andiko lile ni utulivu wake. Anapiga hesabu kama karani: watoto 120,000 wanaozaliwa kila mwaka kwa wazazi maskini, 20,000 wabakizwe kwa ajili ya uzazi, 100,000 wauzwe. Hapazi sauti hata mara moja. Alikuwa ameikubali lugha ya waliozoea kuzungumzia watu kama mizigo ya kuhesabiwa, akaimalizia sentensi yao.

Sasa nikuonyeshe inavyokuwa mezani, pamoja na rasimu zilizoharibika. Nilianza hivi:

"Watu wanaojidai wana shughuli nyingi ni washamba wanaotafuta sifa."

Hiyo ni hasira iliyovaa nguo za mzaha. Haina kicheko na haina ugunduzi, nilikijua chote kabla sijaandika. Rasimu ya pili:

"Bwana mmoja alikuwa na shughuli nyingi hadi akaajiri mtu wa kumpigia miayo."

Hii inachekesha kidogo. Lakini ni chuku inayoning'inia hewani. Yule bwana si mimi wala si wewe, kwa hiyo tunamcheka tukiwa salama kabisa. Rasimu ya tatu nikaacha kuishambulia imani, nikaikubali. Kama shughuli nyingi ndiyo heshima, basi kumaliza kazi ni aibu. Na mtu akiaibika kazini hufanya nini? Huandika barua.

"Kwa Meneja. Naomba radhi kwamba leo nimemaliza kazi yangu saa nane mchana. Haikuwa nia yangu. Nilipobaini kwamba mwisho unakaribia nilijitahidi kupunguza mwendo: nilifungua mafaili nisiyoyahitaji, nikaenda kuuliza jambo nililokuwa nalijua, lakini kazi ilikwisha hivyohivyo. Naahidi tukio hili halitajirudia. Kama ushahidi wa majuto yangu, nilibaki ofisini hadi saa moja usiku, taa ikiwaka."

Maneno mawili ya mwisho yaliniuma mimi mwandishi. Taa ikiwaka. Nilipoyaandika ndipo nilipokumbuka kwamba wiki moja kabla nilibaki ofisini jioni nikisoma habari za michezo, kwa sababu tu mlango wa bosi ulikuwa wazi na sikutaka nionekane natoka wa kwanza. Sikuwa nimelipanga hilo liingie. Liliingia kwa sababu barua ilihitaji jambo halisi, na halisi lililokuwa karibu lilikuwa langu.

Kwa hiyo kanuni ya ufundi: ukishaikubali hoja, acha kutafuta vichekesho, tafuta undani. Saa ngapi, mafaili gani, taa gani. Undani ndio unaokuleta kwenye ukweli usioutaka.

Zana nyingine nitazipitia haraka. Kugeuza nafasi: mpe mtoto maneno ya mzazi, mpe mgonjwa maneno ya daktari, usikilize ni sentensi zipi zinagoma kuhama. Kujifanya mjinga: uliza maana ya neno ambalo kila mtu analitumia na hakuna anayelifafanua. "Tutalishughulikia" ni kitenzi chenye mikono au hakina? Kuiga lugha: chukua mtindo wa tangazo la serikali, mkataba, au maelekezo ya dawa, uandikie jambo la nyumbani, kama ugomvi wa nani azime taa. Hii ya mwisho ni rahisi mno kuifanya vibaya, kwa sababu mtindo wenyewe unachekesha na mwandishi anasahau kuwa na la kusema.

Hatua ya 4: Liseme bila mzaha

Hii ndiyo hatua ambayo karibu kila mtu huiruka, na bila hiyo yote yaliyotangulia ni burudani.

Chukua tashtiti yako na uiandike upya kama dai la kawaida, sentensi moja, bila kicheko hata chembe. Barua yangu ikawa: "Ofisi huthamini saa za kukaa kuliko kazi iliyokamilika." Halafu ulitendee dai hilo kama ambavyo ungelitendea la adui yako. Je, ni kweli? Mara ngapi? Nani angelikataa, na angesema nini?

Nilipoliuliza hivyo, dai langu lilipungua uzito. Mlinzi wa usiku kazi yake ni kuwepo. Muuguzi wa zamu hivyohivyo. Kuna kazi ambazo kukaa ndiyo kazi, na aliyekaa bila tukio lolote amefaulu. Basi dai langu halikuhusu kazi zote. Lilihusu zile ambazo matokeo yake hayaonekani kwa urahisi, kiasi kwamba bosi anapima anachoweza kukiona, yaani kiti chenye mtu. Hapo nilikuwa nimepata wazo ambalo sikuwa nalo nilipoanza kucheka, na halikuwa wazo la kuchekesha hata kidogo.

Mzaha uliotengenezwa vizuri unaweza kuwa uongo mtupu. Mdundo mzuri, mshangao mwishoni, kila mtu kacheka, na kilichosemwa si kweli. Kicheko hakina uwezo wa kupima ukweli. Kuna vizazi vizima vya mizaha kuhusu wanawake, wageni na walemavu iliyochekesha watu sana na ambayo, ukiiandika kama dai kavu, unaona aibu kuisoma kwa sauti. Hicho ndicho kipimo: je, naweza kulisimamia dai hili bila kicheko kunishika mkono?

Hatua ya 5: Angalia nani analipa

Mwanafalsafa Henri Bergson, katika kitabu chake cha mwaka 1900 kuhusu kicheko, alisema kicheko kinahitaji moyo upate ganzi ya muda. Ni kweli, ukimhurumia sana anayeteleza huwezi kumcheka. Ganzi hiyo inakusaidia ukilenga wazo, kwa kuwa unaliona bila mapenzi. Ukilenga mtu asiye na pa kujibia, ganzi ileile ni ukatili.

Utafiti wa mwanasaikolojia Thomas Ford na wenzake kuhusu mizaha ya kudharau makundi ya watu unaonyesha jambo la kuzingatia: mizaha hiyo haimtii chuki asiyekuwa nayo, bali humpa aliyenayo hisia kwamba ubaguzi unavumilika. Humfungulia mlango aliokuwa anauogopa. Huo nao ni uhuru wa aina yake, lakini si wa kufikiri.

Na hata kumcheka mwenye jina kubwa kuna gharama yake. Mwaka 423 KK mtunzi wa tamthilia Aristophanes alimleta mwanafalsafa Socrates jukwaani huko Athens kama mtu anayening'inia hewani na kufundisha vijana kuigeuza hoja mbovu ionekane nzuri. Mwaka 399 KK Socrates alipokuwa akishtakiwa, kwa mujibu wa mwanafunzi wake Plato, aliitaja tamthilia hiyo mbele ya mahakama kama mfano wa tuhuma za zamani zilizokuwa zimekwisha kukaa vichwani mwa watu. Simbebeshi Aristophanes kifo alichohukumiwa Socrates. Nasema tu kwamba mzaha ulidumu kuliko onyesho, na kwa baadhi ya watu ulichukua nafasi ya kumsikiliza mwenyewe.

Kwa hiyo kabla ya kuutoa mzaha wako, jaza nafasi hii: "Baada ya kusoma, msomaji atakuwa tayari zaidi ku…" Ukijikuta umeandika "kumpuuza fulani", rudi mezani.

Hatua ya 6: Hakikisha mzaha unaonekana ni mzaha

Tangazo langu la vikao lilishindwa hapa. Nililiweka karibu mno na hali halisi.

Mwaka 2005 Nathan Poe aliandika mtandaoni kauli ambayo leo inaitwa Kanuni ya Poe: bila ishara ya wazi ya utani, huwezi kuiga msimamo mkali kwa namna ambayo hakuna atakayeudhania kuwa wa kweli. Na mwaka 2009 Heather LaMarre na wenzake walichapisha utafiti kuhusu mchekeshaji wa Marekani Stephen Colbert, ambaye kwenye televisheni aliigiza kama mtangazaji wa mrengo wa kihafidhina. Watazamaji wa pande zote walimwona anachekesha. Lakini wahafidhina walielekea zaidi kuamini kwamba alikuwa anajifanya tu kutania, na kwamba alikuwa anamaanisha alichosema. Kila upande ulicheka na kuondoka na imani yake mfukoni.

Dawa ni mbili. Weka ndani ya maandishi yenyewe jambo moja lisilowezekana kabisa, tena mapema. Usitegemee lebo ya "utani" juu, kwa kuwa maandishi hukatwa na kusambazwa bila kichwa chake. Kisha wape watu wawili wasome, mmoja anayekubaliana nawe na mmoja asiyekubaliana. Usiwaulize kama wamecheka. Waulize: "Unadhani mwandishi anaamini nini?" Majibu yakitofautiana, usiyatoe maandishi yako bado.

Kuhusu sheria, kwa kifupi: mbishi wa kalamu huwa anapimwa zaidi na wenye mamlaka kuliko anavyopimwa na wasomaji. Mchoraji Honoré Daumier alifungwa mwaka 1832 kwa kumchora Louis-Philippe kama jitu linalomeza mali za watu, na mwaka 1835 Ufaransa ikapitisha sheria ya kutaka michoro ikaguliwe kabla ya kuchapishwa, ilhali maandishi hayakuwekewa sharti hilo. Picha iliogopwa zaidi kwa kuwa hata asiyejua kusoma aliielewa. Ijue sheria ya kashfa ya mahali ulipo. Usimwekee mtu halisi maneno ambayo msomaji anaweza kuyachukua kuwa kweli aliyatamka. Mengi ya kesi hukwepeka kwa kulenga tabia na hoja badala ya jina.

Mitego miwili

Wa kwanza ni kucheka kila kitu kwa kiwango kilekile. Anayesema wote ni wezi, wote ni waongo, wote wamoja, anaonekana mtu huru sana. Ukimtazama vizuri, ameacha kutofautisha, na kutofautisha ndiyo kazi nzima ya kufikiri. Mwizi wa shilingi na mwizi wa hazina wanamshukuru kwa pamoja, hasa huyo wa pili.

Wa pili ni "nilikuwa natania tu." Kama ulitania, una dai chini yake, na hatua ya 4 inakutaka ulitoe. Anayejificha nyuma ya utani kila anapobanwa anataka faida ya kusema bila gharama ya kusema.

Hatua ya 7: Jigeuzie

Chagua imani unayoipenda. Isiwe ile unayoishuku, bali ile unayoitetea ukiwa na watu. Sasa andika tashtiti juu yake kama ambavyo mpinzani wako mwerevu zaidi angeiandika. Siyo mpinzani wa kubuni aliye mjinga, maana huyo tunamshinda kila siku tukioga. Yule mmoja unayemjua, ambaye ukijadiliana naye unarudi nyumbani ukitafuta jibu ulilopaswa kumpa.

Ukimaliza, mpelekee akuambie kama umempata. Akisema "siyo, wewe unadhani hicho ndicho tunachokucheka?" umejifunza kwamba humjui. Akicheka na kusema "hapo umejipiga mwenyewe", soma tena ulichoandika kesho yake asubuhi, kicheko kikiwa kimepoa, na uipitishe hatua ya 4.

Mimi imani yangu ilikuwa kwamba naona upuuzi ambao wenzangu hawauoni. Mwandishi wa vichekesho huishi kwa imani hiyo. Nilijaribu kuiandikia tashtiti mara tatu na zote zilikuwa za kujisifu kwa mlango wa nyuma. Ya nne nikaamua kurudi kwenye ingizo la kwanza kabisa katika daftari langu, lile la tangazo, na wale watu watatu niliowacheka wiki nzima. Nikamtafuta yule wa daftari na kalamu, ambaye tayari alikuwa amehamia kazi nyingine, nikamuuliza moja kwa moja ilikuwaje akaamini.

"Nani aliamini?" akasema. "Nilijua ni mzaha tangu mstari wa kwanza. Lakini mwezi uliokuwa umepita lilibandikwa tangazo jingine, nikacheka nikijua ni mzaha, na kikao kikanipita."